Dawa Iliyopumzishwa Si Dawa Iliyoshindwa

Hapana mwanafunzi wa shule ya sekondari katika Afrika Mashariki ambaye hajapata kuambiwa kwamba aanzaye dawa hana budi kuimaliza. Agizo hilo limebandikwa katika kuta za zahanati, limerudiwa redioni mara nyingi, na limeingia katika masomo ya biolojia. Ni agizo jema. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha vidonge baada ya miezi 2 kwa kuwa kikohozi kimekoma, badala ya kuendelea navyo kwa miezi 6, hujihatarisha yeye mwenyewe na jirani zake pia, kwani vijidudu vilivyosalia huweza kujenga usugu na kuenea kwa watu wengine.

Lakini kanuni njema ikifundishwa bila sababu zake huweza kupotosha pale isipohusika. Mfano mmojawapo ni tiba ya saratani ya utumbo mpana na puru iliyokwisha kuenea mwilini. Katika ugonjwa huo, daktari huweza kushauri baada ya miezi kadhaa ya tiba ya kemikali kwamba dawa zisimamishwe ingawa ugonjwa haujapona, kisha dawa zile zile zianzishwe tena pindi uvimbe utakapoonyesha kukua. Ushauri huo huwashtua wengi. Jamaa hudhani kwamba hospitali imekata tamaa, na mgonjwa hudhani kwamba ameachwa. Uvimbe ukikua wakati wa mapumziko, watu husema dawa imeshindwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba mapumziko yaliyopangwa ni sehemu ya tiba, na kwamba uvimbe uliokua wakati dawa haipo haujaishinda dawa hiyo. Hata hivyo mapumziko yana masharti, na pasipo masharti hayo jina lake ni kutelekezwa.

Ugonjwa na dawa zake

Saratani ya utumbo mpana na puru ni ya tatu kwa wingi duniani miongoni mwa saratani zote. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo, na watu wapatao 900,000 walikufa kwa sababu yake. Ikigunduliwa mapema, huondolewa kwa upasuaji na wagonjwa wengi hupona. Ikiisha kufika katika ini, mapafu au utando wa tumbo, upasuaji huwafaa wachache tu. Kwa wengi waliosalia, dawa hutolewa ili kuurudisha ugonjwa nyuma, kurefusha maisha na kupunguza maumivu. Kuufuta ugonjwa kabisa ni nadra. Tofauti hii ndiyo msingi wa mambo yote yatakayofuata.

Dawa iliyotangulia nyingine ni fluorourasili, iliyotangazwa mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Umbo lake linafanana na urasili, mojawapo ya viungo ambavyo seli hutumia kujenga asidi zake za urithi. Seli huipokea kama kiungo cha kawaida, kumbe inazuia kimeng'enya kinachotengeneza thimidini. Seli isiyo na thimidini haiwezi kunakili DNA yake, na isiyoweza kunakili DNA haiwezi kugawanyika. Kwa hiyo zinazodhurika zaidi ni zile seli zinazogawanyika kwa haraka.

Dawa ya pili ni oksaliplatini, iliyotengenezwa na Yoshinori Kidani katika mji wa Nagoya, Japani, mwaka 1976. Hii ina atomu ya platini inayojishika katika DNA na kuifunga kama fundo katika uzi. Madaktari wa Ufaransa ndio waliotangulia kuiunganisha na fluorourasili, na muungano huo ukawa mojawapo ya nguzo za tiba ya ugonjwa huu ulimwenguni. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiongeza oksaliplatini katika orodha yake ya dawa muhimu.

Gharama inayojilimbikiza

Kama dawa hizi zingekuwa hazina madhara, pasingekuwa na sababu ya kuzipumzisha. Lakini oksaliplatini hudhuru mishipa ya fahamu. Mwanzoni mgonjwa husikia mchomo wa sindano vidoleni anaposhika chuma chenye ubaridi, au mkazo wa koo anapokunywa maji ya barafu. Dalili hizo hupita baada ya siku chache. Dozi zikizidi kurundikana, ganzi hukaa. Mshonaji hushindwa kutunga uzi katika sindano, mwalimu hushindwa kushika chaki, na mzee hushindwa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Katika baadhi ya wagonjwa ganzi huzidi kwa miezi kadhaa hata baada ya dawa kusimamishwa, na wapo ambao haiwatoki kabisa.

Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu aweza kuifanya ubaoni. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 85 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, mara moja kila baada ya wiki 2. Baada ya mizunguko 10, yaani karibu miezi 5, jumla inafikia miligramu 850 kwa mita mraba. Hicho ndicho kiasi ambacho kikifikiwa, kiasi cha wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100 huwa na ganzi ya kuwazuia shughuli za kila siku. Aghalabu uvimbe huwa bado unaitii dawa wakati huo. Mwili ndio unaochoka kwanza, na hapo daktari na mgonjwa hukabiliwa na swali gumu: waendelee mpaka mikono iharibike, au wasimamishe silaha ingali inafanya kazi?

Majaribio yamesema nini

Swali hilo halikuachiwa maoni ya mtu mmoja mmoja. Uingereza ilitoa jibu la kwanza lenye uzito mwaka 2003, katika jaribio la wagonjwa 354 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia au kupungua baada ya wiki 12 za tiba. Kwa kura, baadhi waliendelea na dawa na wengine wakasimama mpaka ugonjwa uendelee. Hapakuonekana ushahidi kwamba waliosimama walikufa mapema zaidi, na madhara ya dawa kwao yalikuwa machache.

Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa walitangaza jaribio la wagonjwa 620 lililoitwa OPTIMOX1. Kundi la kwanza lilipewa oksaliplatini na fluorourasili bila kikomo hadi ugonjwa uendelee. Kundi la pili lilipewa dawa hizo kwa mizunguko 6, kisha oksaliplatini ikaondolewa, fluorourasili ikaendelea peke yake kwa mizunguko 12, na halafu oksaliplatini ikarudishwa. Mediani ya uhai, yaani muda uliovukwa na nusu ya wagonjwa, ilikuwa miezi 19.3 katika kundi la kwanza na miezi 21.2 katika la pili. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kuweza kutokea kwa bahati tu. La kuzingatia zaidi ni hili: miongoni mwa wale waliorudishiwa oksaliplatini, wagonjwa 69 katika kila 100 waliona uvimbe ukipungua au ukisimama tena. Dawa ile ile, katika miili ile ile, ilifanya kazi mara ya pili.

Je, yafaa basi kusimamisha dawa zote kwa pamoja? Hapo jibu linakuwa la tahadhari. Katika OPTIMOX2, iliyotangazwa mwaka 2009, wagonjwa walioendelea na fluorourasili peke yake walikaa miezi 13.1 ugonjwa ukiwa umedhibitiwa, na walioachishwa dawa zote walikaa miezi 9.2. Jaribio kubwa zaidi ni COIN la Uingereza na Ireland, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2011. Wagonjwa 1,630 waligawanywa katika makundi mawili, moja la kuendelea na moja la kutibiwa wiki 12 kisha kupumzika. Mediani ya uhai ilikuwa miezi 15.8 kwa walioendelea na miezi 14.4 kwa waliopumzika. Watafiti walikuwa wamejiwekea mpaka kabla ya kuanza, kwamba upungufu ukizidi kiwango fulani hawatatamka kuwa njia hizo mbili ni sawa. Mpaka huo ulivukwa kwa kiasi kidogo mno, nao kwa uaminifu hawakutamka. Lakini walionyesha pia upande wa pili wa mizani. Miongoni mwa waliofuata utaratibu, ganzi kali iliwapata 27 katika kila 100 wa walioendelea, na 5 tu katika kila 100 wa waliopumzika.

Uholanzi nayo, katika jaribio la CAIRO3 la wagonjwa 558 lililotangazwa mwaka 2015, ilionyesha kwamba dawa nyepesi za kushikilia kati ya awamu mbili za tiba kali hurefusha muda wa kudhibiti ugonjwa hadi miezi 11.7, badala ya miezi 8.5 kwa wale waliokuwa wakiangaliwa tu.

Kutokana na majaribio hayo yanapatikana mambo matatu. Kuendelea na dawa zote bila kikomo hakujathibitika kuwa na faida inayolingana na mateso yake. Kuondoa ile dawa yenye kudhuru mishipa ya fahamu na kubakiza nyepesi ni njia iliyo salama kwa wengi. Kusimamisha dawa zote kunaweza kupunguza muda kidogo, na huenda mgonjwa aliyeelezwa vyema akaona kwamba wiki chache ni bei ya haki kwa miezi ya kukaa nyumbani, kula kwa hamu na kushika vitu kwa vidole vyake. Uamuzi huo ni wake. Kazi ya sayansi ni kumpa bei zote mbili bila kumficha chochote.

Kwa nini dawa ile ile hufaa tena

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa uvimbe umekua tena, si ni dalili kwamba seli zilizobaki ndizo sugu? Swali ni zuri, na jibu lake liko katika kutofautisha hali mbili ambazo kwa macho zinafanana.

Hali ya kwanza ni uvimbe kukua wakati dawa inatolewa. Hapo seli zinazoongezeka zinaongezeka mbele ya dawa yenyewe, na neno usugu linastahili. Hali ya pili ni uvimbe kukua wakati dawa haipo. Seli zilizonusurika katika awamu ya kwanza si lazima zote ziwe sugu. Nyingine zilikuwa zimetulia bila kugawanyika, na dawa inayovizia mgawanyiko haikuzikuta kazini. Dawa ikiondoka, hizo huamka na kuongezeka, nazo bado zina udhaifu ule ule wa awali. Kusema kwamba dawa imeshindwa katika hali hii ni sawa na kusema kwamba jembe limeshindwa kwa kuwa magugu yameota shambani baada ya mkulima kulitundika ukutani.

Kutokana na tofauti hii, daktari hulazimika kuandika katika jalada la mgonjwa kwa nini dawa ilisimamishwa. Iwapo ilisimamishwa kwa sababu ya ganzi, au kwa mapumziko yaliyopangwa, mlango wa kuirudia uko wazi. Iwapo ilisimamishwa kwa kuwa uvimbe ulikua dawa ikitolewa, dawa nyingine hutangulizwa. Sentensi moja iliyosahauliwa katika jalada yaweza kumnyima mgonjwa dawa ambayo ingemfaa.

Somo la klorokwini

Hata usugu wa kweli si lazima uwe wa milele, na Afrika yenyewe imetoa ushahidi bora wa jambo hilo kutoka katika ugonjwa mwingine. Malawi iliacha kutumia klorokwini kutibu malaria mwaka 1993, baada ya vimelea kuwa sugu. Vimelea vyenye usugu vilipungua mwaka hata mwaka, kwa kuwa badiliko lililovipa usugu lilikuwa mzigo pale dawa ilipokosekana, na vile visivyo sugu vikavishinda katika kuzaana. Mwaka 2005, katika jaribio lililofanywa Blantyre, klorokwini ilishindwa kwa mgonjwa mmoja tu kati ya 80. Huo ni uteuzi wa asili ukifanya kazi kwa kurudi nyuma.

Katika saratani ya utumbo mpana, jambo linalofanana na hilo limeonekana kwa dawa za aina nyingine, yaani kingamwili kama setuksimabu na panitumumabu, ambazo huziba kipokezi cha ukuaji juu ya seli. Wakati dawa hizi zinatolewa, seli zenye mabadiliko katika jeni ya RAS huongezeka na kuleta usugu. Dawa ikisimamishwa, alama za mabadiliko hayo katika damu hupungua, na nusu-maisha yake ni kama miezi 4. Mwanafunzi aliyesoma mionzi ataitambua hesabu hiyo: 100 hubaki 50 baada ya miezi 4, 25 baada ya miezi 8.

Watafiti wa Italia waliitumia elimu hiyo katika jaribio la CHRONOS, lililotangazwa mwaka 2022. Walipima damu ya wagonjwa 52 ambao zamani walifaidika na dawa hizo kisha wakapata usugu. Wagonjwa 36 hawakuwa na alama za usugu. Wagonjwa 27 wakarudishiwa panitumumabu, na uvimbe ukapungua kwa kiasi kikubwa kwa 8 kati yao. Idadi ni ndogo, lakini njia iliyotumika ni ya maana: damu hupimwa kwanza, ndipo dawa irudiwe. Ni lazima pia isemwe kwamba haifai kulichukua somo hili na kulivika oksaliplatini moja kwa moja, kwani usugu wake hutokana na njia nyingine, na hakuna kipimo cha damu kilichozoeleka cha kuutabiri.

Mapumziko si mema kwa kila mtu wala kwa kila gonjwa

Mwaka 2006, mwaka ule ule wa OPTIMOX1, wazo la kupumzisha dawa lilijaribiwa pia kwa wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI. Jaribio hilo, SMART, lilihusisha watu 5,472 katika nchi 33, na lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu magonjwa nyemelezi na vifo vilizidi maradufu kwa waliopumzishwa. Wazo lilikuwa moja, lakini gonjwa lilikuwa jingine, na jibu likawa kinyume kabisa. Mtu yeyote asiyasome makala haya akadhani kwamba dawa za kurefusha maisha, za kifua kikuu au za shinikizo la damu huweza kuachwa kwa muda.

Hata katika saratani hii, si kila mgonjwa anafaa kupumzishwa. Jaribio la COIN lilionyesha kwamba wale ambao kabla ya tiba walikuwa na chembe sahani za damu 400,000 au zaidi katika kila mikrolita walipata hasara ya wazi walipopumzishwa. Mgonjwa ambaye uvimbe unakua mbio, au unambana hata hawezi kula wala kupumua vyema, hana nafasi ya kungoja. Na yule ambaye uvimbe wake wa ini unakaribia kufaa kukatwa hapaswi kupumzishwa kabla daktari wa upasuaji hajasema lake.

Mapumziko ya kupangwa na mapumziko ya kulazimishwa

Linabaki jambo ambalo majaribio ya Ulaya hayakulazimika kulikabili sana. Katika jaribio la Uingereza la mwaka 2003, waliorudia dawa kama ilivyopangwa walikuwa 37 tu katika kila 100 ya wale waliopumzishwa. Katika OPTIMOX1, waliorudishiwa oksaliplatini walikuwa 40 katika kila 100. Hayo yalitokea katika nchi ambazo hospitali iko karibu na nauli si kikwazo. Baadhi ya wagonjwa hawakurudia kwa sababu ganzi ilikuwa haijaondoka au hali zao zilikuwa zimedhoofika. Basi kurudi hakujileti kwenyewe. Hakuna budi kupangwe.

Fikira na ziende kwa mgonjwa anayetoka Kigoma kutibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,200. Mgonjwa huyo huweza kukosa dozi kwa sababu nauli imekwisha, au mavuno yamemwita, au dawa imekosekana dukani. Kwa karatasi, mapumziko yake na ya mgonjwa wa Paris yanaandikwa kwa neno moja. Kwa kweli hayafanani hata kidogo. Yule wa Paris amepumzishwa baada ya picha kuonyesha kwamba uvimbe umetulia, na ana tarehe ya picha nyingine baada ya miezi 2 au 3. Huyu wa Kigoma amepumzishwa na umaskini, na hakuna anayemtazama.

Kwa hiyo, hospitali isiyoweza kumhakikishia mgonjwa njia ya kurudi haina haki ya kumpa mapumziko na kuyaita tiba. Mapumziko yanahitaji mambo manne: picha kabla ya kusimama, tarehe ya kurudi iliyoandikwa, dalili ambazo mgonjwa akiziona arudi mapema, na uhakika kwamba dawa itakuwapo siku atakaporudi. Hayo yakiwapo, mapumziko yanaweza kuwa na faida kubwa zaidi kwa nchi maskini kuliko kwa nchi tajiri, maana dawa inayosimamishwa kwa wakati unaofaa ni fedha iliyobaki, safari iliyopunguzwa, na mikono inayoweza kurudi kazini.

Wajibu wa walimu ni kutoiacha kanuni ya kumaliza dawa ikae peke yake. Mwanafunzi na aulizwe: dawa hii inakusudia nini, kuponya au kudhibiti? Madhara yake hupita au hulimbikizana? Ugonjwa wenyewe huambukiza au hauambukizi? Nani atamtazama mgonjwa dawa ikisimama? Atakayejua kuyajibu maswali hayo ataelewa kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu huhimizwa asiruke hata siku moja, na kwa nini shangazi yake mwenye saratani ya utumbo mpana ameambiwa apumzike hadi picha ijayo. Hatamlaumu daktari, wala hatamwambia shangazi kwamba dawa imeshindwa. Atamkumbusha tarehe ya kurudi.